Shaba Yenye Adabu Mno

Jumatatu, 9 Juni
Pa! Bado nausikia mlio wa mashine ya mapigo, kama kofi juu ya meza. Tunaupiga utando wa shaba – mwembamba kuliko unywele, umepakwa juu ya kioo – mpigo mmoja wa sumakuumeme, kisha tunapima ukinzani wake, yaani unavyouzuia umeme. Tunadai mpigo huushusha. Leo Kaka Mkubwa, aliyenitangulia hapa maabarani, ametoka na vioo sita. Ukinzani umeshuka kwa vyote, sawasawa, kana kwamba vimeafikiana. Vyangu? Kimoja hushuka, kingine hununa.

Shaba haina adabu kiasi hicho.

Jumatano, 11 Juni
Nimemchungulia. Baada ya mpigo huvifuta vioo kwa spiriti, halafu huvipanga juu ya jiko la umeme vikauke. Mimi huviacha vikauke kwa hewa. Jiko! Joto peke yake laweza kuzishikamanisha chembe za shaba, umeme ukapita kwa raha. Nimemuuliza. Amecheka hadi akashika meza. Eti, mdogo wangu, shaka yako ingekuwa umeme tungewasha mji mzima.

Kicheko kirefu mno kwa swali fupi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeweka juu ya lile jiko vioo ambavyo havijaonja mpigo hata mmoja. Ukinzani umeshuka. Vilevile! Basi tunapima nini – mpigo au jiko? Na jina langu limo kwenye makala ya utafiti huu. Shahada yangu inaning'inia hapo hapo. Nimekwenda kwa Profesa. Hakuinua macho. Eti, wageni wanakuja Jumatatu kuona jaribio, mwanangu. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe.

Anajua? Au amechoka tu?

Jumapili, 15 Juni
Labda ni kijicho. Dada yangu anasema nina macho ya askari wa getini, kila mfuko naona bomu. Kaka Mkubwa ndiye aliyenifundisha hata kushika kibanio. Mtu wa hivyo hudanganya? Au amejidanganya mwenyewe, maskini?

Jumatatu, 16 Juni
Asubuhi. Ujumbe wa Kaka Mkubwa: mdogo wangu, jiko umeliona? Wageni wako njiani.

Mashine hajaiulizia. Ameulizia jiko!

Liko hapa, chini ya kitanda changu, ndani ya taulo. Nililibeba jana jioni. Mlinzi wa maabara akanitania, eti bibie, leo nani anapikiwa?

Nimeshamjibu: ninalo mimi, Kaka. Leo vikaushe kwa hewa.