Betri Inaisha Haraka, Namshuku Mke Wangu

Mpendwa Shangazi Tupokigwe, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijaivunja ndoa yangu, maana mie naishi Segerea na kazi yangu ni kusimamia malori ya kampuni moja pale Manzese, na madereva wanaochepuka na gari la bosi nimewakamata wengi kwa kutazama geji ya mafuta tu, katika hilo hanidanganyi mtu. Sasa mwaka juzi nilinunua gari la umeme lililotumika, analiendesha mke wangu Felicitas, mhasibu wa hoteli huko Kunduchi, na mwanzoni alikuwa anarudi jioni chaji imebaki zaidi ya nusu, lakini siku hizi anarudi taa nyekundu inawaka, njia ileile, kazi ileile, nami najiuliza hiyo chaji inaishia wapi, wakati nachaji mwenyewe kila jioni mpaka ijae pomoni na siichomoi hadi asubuhi, tena nimemkataza kuchaji kazini mpaka iishe kabisa, ili betri isizoee kudekezwa. Nilipomuuliza alisema, "Baba Recho, gari limechoka," akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonimaliza. Nimeshawaita Gregori na mkewe, wasimamizi wetu wa ndoa, waje Jumamosi wamhoji. Nampenda, Shangazi, lakini naumia. Nianzeje kikao?

Ansbert, Segerea

Marahaba, Ansbert. Pole kwa kuumia, ila pole kubwa nampa Felicitas, aliyeolewa na mume akajikuta na msimamizi wa malori.

Sikiliza. Tangi la lori halisinyai, betri inasinyaa. Geji yako inaonyesha asilimia ya kile ambacho betri bado inaweza kubeba, na hicho kimepungua. Kwa hiyo safari ileile inakula sehemu kubwa zaidi. Na aliyeichosha ni wewe. Unaijaza pomoni na kuiacha imejaa usiku kucha kwenye joto hili la Dar, kisha unalazimisha iishe kabisa kila siku. Hayo ya kumaliza chaji ni mafunzo ya simu za zamani, nashangaa umeyabeba mpaka kwenye gari.

Halafu dashibodi ina kilomita. Mtu wa kazi yako hukuzitazama? Hukuzitazama kwa sababu ulishampata mkosaji. Mkeo naye amenyamaza kwa kuwa anakusikia kila siku unavyosimulia habari za madereva wako, anajua kwako anayejieleza ndiye mwizi.

Kuanzia leo chaji mpaka asilimia themanini hivi, ijaze tu mkiwa na safari ndefu, na ikijaa ondokeni nayo. Isishuke chini ya ishirini. Mwache achaji kazini, na gari likae kivulini. Lipeleke kwa fundi wa magari ya umeme aipime betri. Uwezo uliopotea haurudi, lakini kilichobaki kitadumu.

Kuhusu Jumamosi, najua unawaza kumpigia Gregori uahirishe kimyakimya. Usithubutu. Waje, wakaribishwe chai, wakae. Kisha simama wewe, useme mbele yao kwamba ulimshuku mkeo bure, na ueleze kwa nini. Radhi ya chumbani peke yake haitoshi, kwa sababu Gregori na mkewe wataondoka bado wanajiuliza Felicitas huwa anapitia wapi. Ulimchafua mbele ya watu, msafishe mbele ya watu haohao.