Lori Sasa Linapanda Itiryo Bila Gogo

Mama Bhoke, mke wangu uliyeko Mugumu kwa binti yetu,

Naandika kwa sababu nikipiga simu unampa Bhoke. Na wewe Bhoke, msomee mama yako yote, usiruke.

Hakuna dereva Itiryo anayenifikia, hilo unalijua. Siku nilipolifunga lori letu tairi kubwa, likasimama juu kama dume la mnadani, watu walitoka majumbani kuliangalia. Ukaniambia, "Baba Bhoke, umelivalisha viatu vya mtu mwingine. Litatembeaje?" Nikacheka. Nikasema mwanamke anajua nini.

Mlima wa Itiryo ndio ukanijibu. Tairi kubwa ni hatua ndefu, injini ikachoka katikati, lori likaanza kurudi nyuma na mahindi ya watu. Ukaruka chini, ukaweka gogo nyuma ya gurudumu. Tangu hapo kila safari, tukifika mlimani, unashuka, unatembea nyuma yangu na gogo begani. Nakuona kwenye kioo, umejaa vumbi, unapiga kelele: "Kanyaga, wewe mzee! Au nikusukume?"

Fundi alisema tubadilishe difu, zile gia za nyuma zinazozungusha magurudumu. Nikamwambia gari halina shida, dereva ni mimi. Mpaka mvua ile, ukateleza, goti likateguka. Nikakubeba mpaka kwenye kiti. Pole sikusema. Nilisema, "Gogo umeliacha wapi?"

Kwa neno hilo ukaondoka, ukaenda kwa Bhoke.

Difu nimebadilisha. Ile ya zamani, gia ndogo ilikuwa na meno saba kwa arobaini na moja ya ile kubwa. Nimechagua ya meno sita. Sasa shafti inazunguka karibu mara saba ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Fundi alinionyesha na ya meno matano. Hiyo ingepanda hata ukuta, lakini barabarani ningepitwa na baiskeli. Nimechagua mwenyewe, na nimechagua vizuri.

Jana limepanda na magunia yote, halikusita. Kufika juu nikaangalia kioo, barabara tupu. Sikufurahi, mama.

Jumamosi nakuja. Siji kukuchukua kwa nguvu. Nataka niseme pole kwa mdomo wangu, hata majirani wa Bhoke wasikie. Ukinifukuza nitageuza.

Difu hii ina nguvu lakini haina mbio. Nitachelewa kufika. Usifunge mlango.

Mumeo,
Baba Bhoke, dereva