Chuo cha Nyuma ya Soko

12 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba goti limeanza kukuonea huruma. Mimi sijambo, ila mgongo unapiga kelele, maana kuwageuza wazee kitandani si kazi ya mchezo. Yupo mmoja tunamwita Bibi Redio kwa kuwa hanyamazi. Ndiye ninayezungumza naye zaidi hapa, na kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani.

Mama, nataka kusoma uuguzi. Huku vyuo vipo, lakini mgeni anatozwa karibu mara tatu ya mwenyeji. Nimesikia hapo nyumbani wamefungua chuo cha jamii nyuma ya soko, na uuguzi upo. Tafadhali nenda ukanitazamie. Uliza ada, uliza saa za masomo, uliza walimu. Macho yako hayadanganyiki. Kikiwa kizuri, mwezi wa saba narudi.

Mwanao

30 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Mimi mzima. Goti ni lile lile, tumezoeana kama mke na mume.

Hilo neno lako "narudi" nililisoma kazini, pasi mkononi, mpaka moshi ukatoka na tajiri akapiga ukelele. Shati la mtu limepona, usihofu.

Nimekwenda. Jengo limepakwa rangi upya, bado inanuka. Karani wa mapokezi ana maneno matamu, angeweza kumuuzia samaki maji. Ada ni nafuu, na wanakubali ulipe kidogo kidogo. Kuna masomo ya mchana, ya jioni, na ya mwisho wa wiki kwa wenye kazi. Unaweza kuchukua cheti au ukaendelea mpaka stashahada. Maktaba nimeichungulia, viti vizuri. Na kutoka pale mpaka mlangoni kwetu, viatu havishiki hata vumbi.

Utalala kwako, utakula kwako. Nimeanza kukusemesha tayari. Jana nimeuliza kama chai imekolea sukari, nikajicheka mwenyewe.

Mama yako

21 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi niko salama, huku baridi tu. Barua yako nimeilaza chini ya mto.

Nimemwambia msimamizi kwamba mwezi wa sita naacha kazi. Akasema sawa, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

Kuna kitu kimoja. Muuguzi mkuu wa hapa kaniambia: usitazame viti, uliza mambo mawili. Cheti chao kinatambuliwa na baraza la wauguzi? Na wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani? Niulizie, Mama, nipate uhakika tu. Sanduku nimeshalishusha kutoka juu ya kabati.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu mpenzi,

U hali gani? Mimi mwili hauna neno. Nimechelewa kukujibu si kwa ugonjwa, kalamu ilikuwa nzito.

Nilirudi chuoni. Nikamuuliza karani habari za baraza. "Hilo liko mbioni, Mama," akasema. Na hospitali? "Nayo iko mbioni." Nikamwambia, "Baba, chuo chenu kina mbio kuliko uwanja wa mpira." Akacheka.

Nikavuka barabara, nikaingia kibanda cha fotokopi. Binti anayefanya kazi pale alisoma uuguzi hapo hapo, kundi la kwanza. Nikamuuliza kama wanafundishwa vizuri. Aliendelea kupanga karatasi zake.

"Mwalimu mmoja alikuwa mzuri, akahama," akasema. "Chumba cha mazoezi kina sanamu moja ya mgonjwa, haina mkono. Kuchoma sindano tulijifunza kwenye picha."

"Na cheti?"

"Hakuna hospitali sijakipeleka. Wote wanasema baraza halikitambui. Nilikuja kukitolea nakala hapa mara nyingi mpaka mwenye kibanda akanionea huruma, akanipa kazi."

Kusema kweli, ushonaji na umeme wanafundisha vizuri. Karakana nimeiona, mashine zinanguruma na vijana wanachafuka mikono. Lakini wewe hukuomba kushona. Uuguzi wa pale, hapana.

Usirudi kwa ajili ya chuo hicho.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako nimeisomea chooni kazini, maana ndiko kwenye mlango unaofungika. Nilitegemea uandike "njoo". Mama, hutaki nirudi? Umekipangisha chumba changu? Niambie tu, sitakasirika.

Sikuwa nauliza chuo peke yake. Hapa wiki nzima inaweza kupita bila mtu kunitaja jina. Bibi Redio amefariki. Wanawe walikuja kuchukua vitu vyake, wakanipita kama wanapita ukuta. Nililia stoo, katikati ya mashuka. Nilikuwa natafuta sababu ya kupanda ndege, Mama. Ndiyo maana nilikutuma.

Mwanao

16 Mei

Mwanangu wa pekee,

Pole sana. Pole kwa Bibi Redio. Aliyekuuliza kila siku wewe ni nani, alikujali kuliko wasiouliza kabisa.

Sasa nisikilize. Chumba hakina mpangaji. "Njoo" niliiandika, nikaichana, nikaiandika tena. Nilijua ukija tutafurahi, tutacheka mpaka majirani wagonge ukuta. Halafu siku moja utakaa kwenye kibanda cha mtu na cheti kisicho na kazi, utaniangalia, na hutasema kitu kwa kuwa una adabu. Hayo macho ndiyo niliyoyaogopa.

Kurudi kwa mama hakuna ada wala usaili. Ukichoka, panda ndege kesho, nitakuja kukupokea nikichechemea. Lakini kama ni uuguzi unaoutaka, ufuate uliko. Nenda ukakikague na chuo cha huko. Makarani waache, zungumza na waliomaliza.

Hiari ni yako. Sitaandika mpaka uamue, nisije nikakuvuta.

Mama yako

28 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Wewe uliahidi kunyamaza, na mimi nikaogopa kuanza. U mzima kweli?

Nimekwenda. Nilikaa kantini ya chuo nikawavamia wanafunzi kwa maswali. Wawili wakahama meza. Wa tatu anafanya kazi kama yangu. Kumbe ipo kozi ya jioni, mwajiri analipa sehemu kubwa ukikubali kubaki kazini mpaka umalize. Mazoezi ni hospitali kubwa ya hapa. Nikaenda mpaka wodini kuwatafuta waliohitimu, nikawakuta kweli, wamevaa sare zao. Msimamizi amekubali nisiache kazi, na masomo nimeshaanza.

Ni miaka mitatu, Mama, na likizo zake ni fupi, hazitoshi safari.

Darasani nakaa nyuma, sijapata mwenzangu. Jana mwalimu alisoma mahudhurio, akalitaja jina langu. Nilichelewa kuitika, nilidhani anamwita mtu mwingine.

Mwanao

20 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, usiwe na shaka.

Umechagua vema. Soma. Kaa viti vya mbele, huko nyuma wanakaa wenye usingizi. Kula kabla ya kuingia darasani, tumbo tupu halishiki somo.

Jana jirani aliniuliza, "Yule binti yako anarudi lini?" Nikamwambia, "Harudi sasa, anasoma." Akafurahi, akanishika mkono, akamwita na mumewe aje anipe hongera. Nikawashukuru wote wawili, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Mama yako