Mwendo wa Nne

Jumamosi, 1 Februari 2003

Nimepigwa tena. Mwendo wa thelathini na nane, nikiwa na pioni moja zaidi na sekunde sita tu kwenye saa. Mkono ulitoa jasho juu ya kipanya, farasi akatua pasipo pake. Basi.

Mume wangu Mugisho aliandika neno moja kwenye kile kidirisha cha maneno chini ya ubao: "Bugali." Kila Jumamosi akishinda ni hilohilo: ugali nasonga mimi. Siku anaondoka aliniahidi kwamba nikimshinda sataranji ya blitz hata mara moja, atasonga bugali mwezi mzima, na mama yake ale mbele yetu bila kucheka. Dakika tatu zake, dakika tatu zangu. Saa ikiisha umekufa, hata uwe na malkia wawili.

Alikwenda Kinshasa Julai 1998, mafunzo ya wiki tatu. Agosti vita vikaanza. Yeye upande ule, mimi huku Bukavu kwa waasi, simu hazivuki. Ansima alikuwa tumboni. Sasa ana miaka minne na baba yake ni picha juu ya kabati.

Internet ndiyo inavuka. Saa kumi kwangu, saa tisa kwake. Nchi moja, saa mbili tofauti. Tonton Bahati wa cyber ya Nyawera ananiwekea mashine ya pembeni, mbali na kelele za groupe, jenereta yake.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya misa nimeandika mchezo wa jana kwenye daftari la mraba, pamoja na sekunde za kila mwendo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, siwezi kuacha namba zilale.

Mwendo wa nne: sekunde kumi na nne. Kila mara hivyo. Ni miwani. Tangu tukiwa wachumba, akifika mwendo wa nne anavua miwani na kuifuta kwa shati. Ubao bado hauna cha kuona, yeye anafuta. Iliniudhi miaka, sikumwambia kamwe. Siku hizi nikiona saa yake inakimbia bure, namwona na ncha ya shati mkononi. Sitaki aache.

Jumatano, 5 Februari

Mazoezi na mama mkwe. Hajui pioni wala mfalme, lakini ndiye saa yangu. Mimi naweka ubao mezani, yeye anasali Salamu Maria kwa sauti, na kabla ya Amina lazima niwe nimesogeza. Mwanzoni alikuwa anasali taratibu kwa kunihurumia. Sasa anakimbiza kama mtu mwenye chungu motoni. Tumemaliza rozari nzima, mimi nimefanya makosa manne tu. Anasema Bikira Maria atakuwa amechoka na sisi.

Ninachojifunza: usitafute mwendo bora, tafuta mwendo mzuri ulio karibu. Na fikiria wakati saa ya mwenzako inakimbia, si yako. Jana niliwapiga wageni watano mfululizo kule kwenye mtandao. Mmoja ni Mrusi. Nilitembea Nyawera nzima nikicheka peke yangu.

Jumamosi, 8 Februari

Sare. Sijawahi kupata sare naye. Ningefurahi.

Mwendo wa nne aliucheza kwa sekunde moja. Labda ana haraka, watu wanangoja mashine. Na hakuandika "Bugali". Sare haina bugali, ni kweli.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeshinda.

Miaka kumi nimeingoja siku hii na imekuja bila ladha. Mwendo wa nne, sekunde moja. Halafu alijilinda kwa adabu mno, kila kete mahali pake, kama mtu aliyepanga sahani. Mugisho hajawahi kujilinda. Mugisho anashambulia hata akiwa amebaki na mfalme na kiatu.

Tonton Bahati aliniletea Fanta ya pongezi. Nilishindwa kuimaliza.

Jumapili, 16 Februari

Nimepanga michezo yote mezani, ile ya mwaka jana na hii miwili. Miendo mitatu ya kwanza ni yake. Kuanzia wa nne ni mtu mwingine.

Barua pepe yake ya wiki hii ina mistari mitatu: niko salama, busu Ansima, hongera. Barua inaweza kudanganya. Mkono hauwezi. Kuna mtu amekaa kwenye kiti cha mume wangu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimefundisha sehemu, nusu na robo, mara tatu, darasa lilelile. Wanafunzi wakanakili tena kwa heshima.

Nina wivu. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Mchezaji yule ni mwanamke, nina hakika, na ninachukia kwamba nina hakika. Anakaa kando yake. Mugisho amempa jina lake na neno la siri. Labda wanacheka pamoja, na Jumamosi anamwambia, nichezee na yule wa Bukavu, mimi nimechoka. Miaka minne na nusu ni mingi kwa mwanaume. Hata kwangu ni mingi.

Au amekufa. Hilo nalo nimeliandika.

Jumamosi, 22 Februari

Ville morte. Maduka yamefungwa, shule zimefungwa, mji wote umekaa ndani kuwagomea wenye bunduki. Ninakubaliana nao na ninawalaani. Nilimwendea Tonton Bahati nyumbani nikamwomba afungue nusu saa. Alikataa kwa upole. Wakimwona wazi leo, kesho hana mteja.

Risasi mbili upande wa Bagira. Ansima akauliza kama ni mvua.

Alhamisi, 27 Februari

Nilikuwa nimemficha mama mkwe jambo hili, leo nimeshindwa. Alisali Salamu Maria sita na sikusogeza hata pioni. Akakunja rozari akangoja. Nikamweleza yote, sekunde moja, adabu, mwanamke.

Huyu ni mama yake, nilidhani atamtetea au atalia. Akasema:

"Maman Ansima, mwanaume mwenye alisahau bibi yake hawezi kutuma muntu akae mu kiti yake. Anaachaka tu kiti wazi."

Kisha akasema mposho niende nikaulize, sataranji si kitubio, mtu anaweza kuuliza. Mposho ni Jumamosi. Siku mbili.

Jumamosi, 1 Machi

Niliacha afike mwendo wa nne. Sekunde moja. Sikucheza. Nikaandika: Wewe si Mugisho. Ni nani?

Nikacheza pioni ya kando ili saa yake ndiyo ikimbie. Sekunde arobaini. Halafu akajibu kwa Kifaransa, mstari mmoja mmoja.

Anaitwa Josée. Ni mjane, mwenye nyumba anayopanga Mugisho. Mugisho yuko hospitali tangu wiki ya kwanza ya Februari. Typhoïde, homa ya matumbo, ilitoboa utumbo, wamempasua mara mbili. Alimkataza kuniambia. Alikuwa amemfundisha sataranji jioni za mwaka jana. Kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji alimwandikia neno la siri kwenye karatasi akamwambia Jumamosi asikose, maana nisipoliona jina lake nitajua amekufa. Barua pepe anazitamka kitandani, Josée anazipeleka. Alimfundisha afungue vipi na ajilinde vipi. Habari ya mwendo wa nne hakumwambia.

Hawezi kumwambia. Mwenyewe hajui.

Nikauliza kama yuko hai. Akajibu, yuko hai, anakunywa chai bila sukari na anailalamikia. Hapo nikalia mbele ya cyber nzima. Saa ikaisha, sijui ya nani.

Jumapili, 2 Machi

Mama mkwe alisikiliza akiwa amesimama. Aliomba nirudie habari ya chai. Nikarudia. Akakaa.

Nina aibu kwa yote niliyoyaandika tarehe 17. Sitaichana karatasi. Nilikuwa hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimecheza na Maman Josée mara tatu, nimeshinda zote. Kati ya mwendo na mwendo ananipa habari. Amekaa mwenyewe. Amekula supu. Amekonda, usishtuke siku ukimwona. Baadaye aliniomba nimwonyeshe alipokosea, nikamwonyesha. Mwanamke anayempeleka mume wangu chooni, nitamnyima nini?

Nimemwandikia Mugisho kwamba najua. Sikumkaripia sana. Kidogo tu, ili ajue ni mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Jina lake halikuwaka.

Nilingoja saa kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Wageni waliniomba mchezo, niliwakataa. Tonton Bahati alizima mashine nyingine zote akaacha yangu. Nimerudi nyumbani, mama mkwe ameuona uso wangu, akaanza rozari bila mimi. Aliisali taratibu.

Jumanne, 18 Machi

Barua ya Josée. Homa ilirudi, hakuweza kumwacha. Imeshuka jana asubuhi. Nimeisoma mara nne, nimeipiga chapa, nimempelekea mama mkwe aishike, ingawa haisomi.

Jumamosi, 22 Machi

Josée ameniambia Mugisho ametoka hospitali. Yuko nyumbani, anatembea akishika ukuta. Tulicheza mchezo mmoja, mimi na Josée. Alinipiga! Mimi mwenyewe nilimfundisha ule mtego. Nimecheka mpaka Tonton Bahati akaja kuangalia.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua tangu asubuhi, lakini internet imeshika. Saa kumi jina lake likawaka.

Mwendo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukafika, na saa yake ikaanza kukimbia. Sekunde tano. Kumi. Nikaanza Salamu Maria chinichini, nikafika Amina, bado anafuta. Sekunde kumi na tisa. Nimeweka mkono juu ya kioo cha mashine kama mtu mjinga.

Alicheza vibaya. Alishambulia na kila kitu, hana nguvu, hana macho, aliupoteza mnara, akampoteza malkia. Mimi nilikwenda mbio kama nilivyojifunza, sekunde moja kila mwendo. Kwa mwendo wa ishirini na mbili nilikuwa na malkia wangu mlangoni kwake. Mwendo mmoja tu, mfalme anakufa. Saa yake ilikuwa imebaki na sekunde kumi na moja. Yangu, dakika mbili na nusu.

Sikusogeza.

Saa yangu inapokimbia, yake imesimama. Hakuna kitu kinachomfikia. Amekaa upande ule, mimi upande huu, tunaangalia ubao mmoja. Baada ya dakika moja akaandika:

"Cheza, Maman Ansima. Saa yako iko inaisha."

Nikaandika: "Niko nawaza."

Naye akakaa. Nilizitumia dakika zangu zote, mpaka sifuri.

Halafu likaja neno lake: "Bugali."

Mvua ilikuwa imepungua. Nimefika nyumbani mama mkwe akauliza nani ameshinda. Nikamwambia Papa Ansima. Ansima akauliza kama ni yule wa kwenye picha. Nikasema ndiye, nikainjika maji ya bugali.