Kidude Kiunoni na Pazia la Bibi

Jumatatu, 21 Aprili 2003

Wiki ya tatu na kidude. Leo nimekivaa juu ya gauni, chini ya buibui, mkanda usinikwaruze. Betri inapata moto kiunoni. Uzito wake kama mwanangu Rahma alipokuwa mchanga, ndiyo maana sichoki. Nshazoea kubeba.

Nyumba tatu. Mvua tangu alfajiri, vichochoro vinateleza. Rahma nimemwacha kwa Bibi kama kila siku. Kalia kidogo, kaona uji, kanisahau.

Naandika ilivyoanza nisije nikasahau. Kampuni ya wahandisi inakagua nyumba kongwe za Mji Mkongwe. Mwanzo mkaguzi akipanda na daftari, kamera na tochi, mkono wa kushikia kamba ya ngazi hana. Sasa wameleta kompyuta ya kuvaa. Sanduku kiunoni. Vitufe mkono wa kushoto. Kamera na kioo kidogo mbele ya jicho, kinasa sauti shavuni. Mikono yote miwili huru. Mhandisi Khamis, bosi wangu, alikivaa yeye kwanza. Akakwama ghorofani. Vyumba vya ndani vina wanawake, nani amfungulie mwanamme? Ndipo nikaitwa mimi, niliyeishia kidato cha pili.

Majaribio ya miezi mitatu. Kikifaa wataleta vingine, wataajiriwa wanawake wengine, na mimi nitawafundisha. Mimi! Nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu njiani.

Jumanne, 22 Aprili

Nyumba ya Bi Zeyana, mjane, anakaa na binti yake. Sikuwahi kumaliza Shikamoo, halua imeshakuja. Kafukiza udi, na kidude nacho kakifukiza. "Huyu naye mgeni," kasema. Kisha kaninong'oneza: "Kuna mwanamme humo ndani anatutazama?"

"Hamna, bi. Betri tu."

"Hata! Wanaume hawakosekani mahali."

Tumecheka mpaka kamera ikatikisika.

Ukuta wa ngazi umepigwa chokaa mpya, mbichi bado, imenishika kwenye buibui. Nikampongeza. Kioo kikaniuliza: Hali ya ukuta? Kina majibu matatu. Nzima, Itazamwe, Hatari. Nimebonyeza Nzima.

Nyumba ikiandikwa Hatari, watu wanatolewa, mlango unatiwa kufuli mpaka itengenezwe. Lini, hakuna ajuaye. Mpaka leo Hatari sijaibonyeza hata mara moja. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda kumchukua Rahma, nikakaa. Chumba cha Bibi kina kitu, ukiingia husimami tena. Zile zidaka, vishubaka vya ukutani, na sahani zake za maua. Dari la boriti, nilikuwa nazihesabu mpaka usingizi. Kumi na saba. Nimezihesabu tena leo, Rahma kanilalia kifuani. Kumi na saba.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne. Bibi akanilaza upande wa ukutani, nyuma ya mgongo wake. Kulikuwa na ufa hapo, unaingia kidole cha mwisho. Nilikuwa siwezi kulala mpaka nikitie. Siku moja nikasukumia gololi yangu ya buluu, nione itatokea wapi. Haikutokea. Nililia siku mbili.

Sasa hapo pana pazia jekundu la harusi ya Bibi. Ufa sijui aliuziba lini. Sikuuliza.

Jumatano, 30 Aprili

Ngazi ya Bi Zeyana imeanguka.

Asubuhi, akishuka. Ukuta ulioshika ngazi umemwagika, na yeye juu yake. Kavunjika mkono. Wanasema angekuwa vipandio viwili juu zaidi tungekuwa tunazungumza mengine.

Nyumba ile niliandika Nzima.

Sikula. Rahma kanitia tonge mdomoni kwa mkono wake, nikameza ili nisimvunje moyo.

Jumamosi, 3 Mei

Ofisini. Wakubwa wa kampuni wanataka kukirudisha kidude kilikotoka. Wanasema kimesema uongo. Nimeshindwa kuvumilia. Nimesema kidude kimesema kilichoonyeshwa. Chokaa ilikuwa mbichi. Iliniganda kwenye nguo na mimi nikatoa pongezi.

Nimeona haya mbele ya wanaume wale, lakini nimesema.

Mhandisi Khamis hakunifokea. Kauliza nyumba ngapi zilikuwa na chokaa mpya. Nikafikiri. Karibu zote. Na ambazo hazina chokaa zina pazia, au mkeka ukutani, au kabati limesogezwa.

Hawakutaka kudanganya. Wamesikia mgeni anakuja na kamera, wakapamba nyumba. Ndivyo tulivyolelewa. Na mgeni hapekui. Mimi nilikwenda kama mgeni.

Tumepewa mwezi mmoja. Narudia nyumba zote. Safari hii nainua.

Jumatatu, 5 Mei

Siku mbaya. Nainua mapazia ya watu. Chokaa mpya naigonga kwa kifundo cha kidole nisikie kama ndani patupu.

"Zuwena, umekuwa askari wa forodha? Utatazama na chini ya godoro?"

Mwengine: "Juzi umekula halua yangu, leo wanipekua."

Nyuma ya vitambaa vizuri kuna mawe yamelegea. Mizizi ya mti imeingia chumba cha watoto. Nimebonyeza Itazamwe mara sita. Hatari mara mbili. Mama mmoja kalia, na mimi nimelia, kioo kikaingia ukungu sikuona kitu.

Bi Zeyana nimemtembelea. Nilitegemea atanifukuza. Kanionyesha plasta ya mkono wake. Kasema, "Chokaa niliinunua mwenyewe, mwanangu. Ufa nilikuwa naujua." Hilo limeniuma zaidi kuliko kufukuzwa.

Alhamisi, 8 Mei

Kwenye orodha ya kesho imo nyumba ya Bibi.

Nilijua itafika. Lakini kuona jina lake kwenye kioo, herufi ndogo za kijani, ni kitu chengine. Warithi wenzake wote wako Muscat na Dubai. Amebaki yeye tu, ghorofa ya pili, na funguo zake kiunoni.

Nimekwenda kumchukua Rahma. Ukumbini chokaa mpya. Mpaka kwenye ngazi.

"Nimesikia mnakuja," Bibi kasema.

Mnakuja. Kama mimi mtu wa mbali.

Rahma kala wali kwa mkono. Kijiko chake hakionekani tangu jana. Namuuliza kiko wapi, ananionyesha pazia.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefika nimevaa kidude. Bibi kavaa kanga mpya, udi unafuka. Kakaa kitandani, mgongo kaupa pazia.

"Chumba hichi wakijua tangu hujaota meno. Andika tu."

"Bibi, sogea kidogo."

"Miguu inaniuma."

Miguu haimuumi. Asubuhi alikwenda sokoni Darajani na kurudi na samaki.

Sikumsogeza. Nimepiga picha ya pazia. Kioo kikauliza, Hali ya ukuta? Kikauliza tena. Na tena. Nikakizima.

Alasiri alipokwenda kutawadha nimeinua.

Pale palipoingia kidole changu cha mwisho, leo mkono umeingia mpaka kwenye saa. Kuna upepo ndani. Nimesikia harufu ya bajia za jirani wa uchochoro wa pili, kana kwamba tumekaa naye jiko moja. Rahma anakaa hapo kila siku, anachezea kikombe. Bibi analala hapo kila siku.

Nimeteremsha pazia. Nimembeba Rahma, nimeaga, nimetoka.

Jumamosi, 10 Mei

Sikwenda kazini. Nimesema nina homa.

Mvua haikati. Baba Rahma karudi kutoka Uroa, hotelini anakofua mashuka. Nimemweleza. Kasema, "Chumba chetu kidogo, lakini Bibi hatakosa pa kulala." Sikuuliza hilo. Yeye kajibu hilo. Mume wangu mwema.

Lakini Bibi akitolewa mle atabaki nani? Miaka hamsini na kitu. Na mimi nitahesabu boriti zipi?

Bibi katuma mtu kuuliza mbona Rahma haletwi. Nimejibu mtoto ana mafua. Uongo wa pili kwa siku moja.

Jambo hili sijaweza kulitazama, naliandika hapa: mwanangu nimemtoa. Bibi nimemwacha.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda asubuhi, sikungoja kesho. Mvua imenipiga njia nzima, kidude nimekikumbatia chini ya buibui kama mtoto.

Nimepiga magoti mbele yake. Nimemwambia, "Bibi, Rahma hana mafua. Nimemtoa humu. Na wewe siwezi kukuacha."

Ndani ya ukuta kulikuwa na sauti ya maji. Sote wawili tumeisikia.

"Nilikuwa nauziba, wewe unauchimbua," kasema. "Kidole chako hicho."

"Najua, Bibi."

"Hujui. Niliacha kuuziba kwa sababu hulali."

Nimelia. Yeye hakulia. Kasimama mwenyewe, kaweka kanga yake sawa.

"Basi kipige picha chumba na pazia lake kwanza."

Nimepiga picha mbili. Moja na pazia, moja bila. Kisha nimewasha kinasa sauti, nikamwomba anitajie chumba. Katembea taratibu, kagusa kila kidaka. Kipi kiliwekwa sahani za mamake, kipi msahafu, kipi dawa zangu za kikohozi. Kitanda kilivyopandishwa kwa kamba kupitia dirishani, ngazi ilikuwa nyembamba, jirani wote wakapiga vigelegele. Pembe aliyozaliwa mama yangu. Kazi yangu haitaki maneno hayo. Nimeyachukua yote.

Kioo kikauliza. Nimebonyeza Hatari.

Jumanne, 13 Mei

Wamekuja na kufuli. Bibi katia ufunguo wake mwenyewe kwanza, kazungusha mara mbili, kisha kawaachia waweke lao.

Yuko kwetu Ng'ambo tangu Jumapili. Tumemwachia kitanda. Asubuhi nimempa Shikamoo, kajibu Marahaba. Hilo tu kwa siku nzima. Kwa Rahma anazungumza. Kwangu hapana.

Naumia. Lakini usiku wa jana mvua ilipozidi nimenyoosha mkono gizani, nikamgusa mguu. Yupo. Nikalala.

Jumatano, 21 Mei

Mhandisi Khamis kasikiliza sauti ya Bibi ofisini. Kavua visikizio. Kasema, "Haya si ya ukuta." Nilidhani atayafuta. Kanihamishia kwenye kaseti, kanipa mkononi, karudi kwenye kazi yake.

Mafundi wameweka magogo ya kuzuia ukuta wa Bibi kwa nje. Kutengeneza, bado hakijasemwa kitu. Wale mafundi wamesema ungeanguka na mvua hizihizi.

Wakubwa wamekubali kidude kibaki. Vingine vinakuja. Wanawake watatu kwanza, si wengi kama walivyosema. Watatu si haba. Nimeulizwa nitaanza kuwafundisha nini. Nimesema kuinua pazia.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimekwisha. Jua la adabu.

Nimefua. Bibi kanikuta uani, kashika ncha ya pili ya shuka, tumekamua pamoja. Kasema, "Unakamua kama mtu anayeogopa." Nimefurahi sana.

Baada ya adhuhuri tumesikiliza kaseti. Bibi kajisikiliza, kajisahihisha mahali pamoja: sahani za mamake zilikuwa kidaka cha juu, siyo cha kati. Nimeahidi kuandika. Nimeandika.

Kisha kafungua furushi lake la nguo, katoa pazia. Kaomba misumari. Baba Rahma kalipigilia juu ya kitanda, kwenye ukuta wa matofali. Halina kazi hapo, lakini chumba kimebadilika. Kimekuwa na mwenyewe.

Rahma kaja mbio. Kainua ncha, kapapasa tofali kwa kiganja, juu, chini, anatafuta kijiko chake. Kimo kule, pamoja na gololi yangu.

Kateremsha pazia. Kapanda kitandani, kalala upande wa ukutani, nyuma ya mgongo wa Bibi.