Chozi wa Mkomamanga

Jumamosi, 5 Julai
Alfajiri. Kiti kile kile, chai ya tangawizi. Baada ya wiki tatu Salala, kusini mwa Oman, nimerudi kwenye zamu yangu ya kutazama ndege. Maua ya mkomamanga yapo. Chozi dume hayupo, yule ndege mweusi anayegeuka zambarau akipigwa na jua. Wamekuja wawili wa rangi ya udongo, majike, wakachomeka midomo mauani. Dume hapana. Nimekaa mpaka joto limenifukuza.

Jumatatu, 7 Julai
Hayupo tena. Nimemwona mdogo wangu Nassor upande wa pili wa ukuta, pampu mgongoni, ananyunyizia matawi yaliyoingia kwake. "Wadudu tu hawa, dada." Basi nimeelewa chozi kafa kwa nini. Miaka yote nawaandika gazetini watu wanaoua wasichokijua, kumbe mmoja wao nimenyonya naye ziwa moja.

Jumanne, 8 Julai
Nimeandika kwenye kundi la ukoo, watu arubaini wasome. Aya sita. "Muuaji" mara tatu. Nassor kajibu: "Maji ya sabuni yale." Nikamwongezea aya nne.
Mchana mkewe, Salma, kaleta sahani ya vitumbua kama vile hakuna vita. Nimevila vyote. Sahani nimeirudisha tupu, hata ndimu mbili sikutia. Marehemu mama angenikana. Nilijua ninachofanya.

Ijumaa, 11 Julai
Kila Ijumaa baada ya sala Nassor na Salma hula kwangu. Leo biriani imepoa. Kaja Shangazi Rukia peke yake. Nassor ametoka kwenye kundi.
Nimeshinda? Hasira ipo, haina pa kukaa. Sijui namlilia ndege au nilikuwa na kiu ya ugomvi.

Jumamosi, 12 Julai
Shangazi kalala kwangu. Asubuhi nimemkuta kwenye kiti changu.
"Dume lako lile pale."
Nikamwambia yule ni jike.
"Jike na mstari mweusi kooni? Vitabu vyote hivyo, mwanangu. Wakishamaliza kulea, dume anavua nguo zake nzuri za zambarau mpaka baridi ije. Nnamuona kila mwaka."
Nikachukua darubini. Mstari upo, kutoka kooni mpaka kifuani. Wiki nzima alikuwa mbele ya macho yangu.
Shangazi kacheka mpaka kakohoa. "Haya, muandikie mdogo wako aya sita."

Jumapili, 13 Julai
Nimeandika mstari mmoja kundini: chozi yuko hai, nilimzulia Nassor. Mtu katuma picha ya waridi. Aibu. Na bado, Mungu anisamehe, natafuta kosa la Nassor.

Jumatatu, 14 Julai
Magharibi nimekwenda kwake kumwomba radhi. Kafungua mlango mwenyewe. Kabla sijaanza, kaniuliza, "Umekula?"
Nikasema bado.
Salma katandika. Samaki wa nazi, wali. Hakuna aliyetaja ndege. Nassor kanisogezea kichwa cha samaki, anajua nakipenda, lakini machoni hakunitazama.
Sijui kama nimesamehewa au nimelishwa tu. Nimerudi upande wangu wa ukuta, polepole.