Mkungu Wako Hauombolezi

Baba,

Nina hasira, na sitasubiri ipoe ndipo nikuandikie.

Mti wako wa mkungu pale uani, hapa mtaani Mangarivotra, wanasema unakufa. Ule ule ulioutoa kisiwani Nosy Be ukiwa mche, ukaumwagilia hata mwaka ule Wakomoro wenzetu walipopanda meli kuyakimbia mauaji ya Mahajanga na wewe ukagoma kuondoka. Majani yaliyochipua safari hii ni madogo kama vijiko, tena yamepauka. Baba mdogo anazunguka mtaa mzima akisema mti unakulilia, umeamua kukufuata. Watu wanatikisa vichwa, wanasema maskini. Maskini nini!

Hitima yako ya arobaini ilipokaribia, Baba mdogo aliona aibu wageni wakae mkekani huku majani yanawaangukia. Basi ikaletwa ngazi, yakachumwa yote, mabichi, na matawi ya chini yakakatwa. Ua ukawa safi kweli. Wageni wakasifu.

Wewe ulikuwa hutaki tuguse jani hata moja. "Liache liwe jekundu," ulikuwa ukisema, "bado linarudisha chakula." Nilidhani ni maneno yako tu, mpaka mwalimu wa sayansi alipotuchorea ubaoni: jani likizeeka, mti huivuta naitrojeni iliyomo ndani yake, ukaiweka akiba kwenye gome na matawi, na akiba hiyo ndiyo inayojenga majani mapya kabla mizizi haijapata mvua. Nilikuja mbio kukuambia. Ulicheka, ukaniuliza mwalimu huyo amepanda miti mingapi.

Sasa huzuni gani hiyo, Baba? Tumeunyang'anya mti chakula chake, halafu tunasingizia msiba. Na anayesema hivyo ni mdogo wako uliyemlea mwenyewe! Kesho baada ya sala ya Ijumaa anamleta mtu wa msumeno, apate nafasi ya kujenga chumba.

Haujafa. Nimekwangua gome kwa kucha, chini yake kuna kijani. Nimeuwekea samadi ya mbuzi. Unataka mwaka mmoja tu wa kuachwa.

Kesho nitasimama mlangoni, nimwambie mbele ya watu. Na langu nitalisema, ambalo sijamwambia mtu: siku ile majani yalipochumwa, nilijua. Nilijua yote, Baba, na ngazi niliishika mimi, kwa kuogopa wageni wasituseme.

Nisamehe. Pumzika, Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuahidi msumeno hautaingia uani, hata kama Baba mdogo hataniita tena mwanawe.

Binti yako,
Zainabu